Lango Lisilo na Tiketi

Mume wa shangazi yangu alipofariki, shangazi alikaa eda nyumbani kwake Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, kama inavyotakiwa, na eda ilipokwisha akaendelea kukaa. Hakuna aliyemzuia kutoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa haoni pa kwenda. Sokoni Hamriya alikuwa akienda na marehemu, pwani akienda na marehemu. Kila jioni nikitoka kazini nilipita kumtazama, nikamkuta sebuleni, televisheni inasema peke yake.

Siku moja nikamwambia twende tukanyooshe miguu. Nyuma ya mtaa wao ipo bustani ndogo ya serikali, ina majani, mabembea na viti vya saruji. Alikubali kwa kunionea huruma mimi. Tulipofika tukakuta wanawake wa rika lake wametandika busati, wana chupa ya kahawa na sahani ya visheti, wanazungumza Kiswahili. Mmoja akamkazia macho.

"Wewe hukuwa ukikaa Ng'ambo, kule Unguja? Uso huu naujua."

Hakuwa akiujua, alimfananisha na mtu mwingine kabisa. Lakini mpaka kosa hilo lilipogundulika, shangazi alikwishavua viatu na kikombe kiko mkononi. Kesho yake nilipompigia simu hakupokea. Alikuwa bustanini.

Kazi yangu ni kuandika kanuni katika ofisi moja ya serikali inayoshughulikia mambo ya miji. Mwaka uliofuata tulipewa rasimu ya kanuni za bustani za umma: nani azisimamie, fedha za kuzitunza zitoke wapi, nini kiruhusiwe ndani yake. Rasimu ilisema bustani zikodishwe kwa wawekezaji. Mwekezaji angejenga mgahawa, angeweka uzio na tiketi mlangoni, na chakula cha kutoka nyumbani kingekatazwa. Walioiandika hawakuwa watu wabaya. Majani ya Maskati hayanywi mvua, yanakunywa bomba, na bomba lina bili. Bustani nyingine zilikwishaanza kukauka, na vyoo vyake mtu alikuwa akiingia ameziba pua.

Nilimwendea mkuu wangu, mtu mpole ambaye familia yake ilirudi Oman kutoka Bujumbura.

"Ustadh," nikamwambia, "katika bustani mojawapo ya hizi shangazi yangu anakaa kila jioni. Pengine ni bora nitoke katika kazi hii."

Alifikiri kidogo. "Ukitoka wewe, nitabaki na watu wasiokaa bustanini. Endelea. Lakini usiandike kwa ajili ya shangazi yako tu."

Shangazi sikumwambia kitu, kwa sababu rasimu ilikuwa bado ya ndani. Kisha ofisi ikaamua kuwasikiliza wakaazi, tangazo likabandikwa kwenye lango la bustani, na siku ya kikao nikiwa nimekaa meza ya mbele nikamwona anaingia na wenziwe wawili, amevaa abaya yake ya kwendea harusini. Aliniona. Akageuza uso kama hanijui.

Mzee mmoja alisimama kwanza, akasema anataka mwekezaji aje, tena haraka. Wajukuu wake wakihitaji choo hulazimika kurudi nao nyumbani. "Serikali haiwezi kila kitu," alisema. Watu wengi walitikisa kichwa kukubali, na mimi nilimwona ana haki.

Shangazi akanyanyuka. Alianza kwa Kiarabu, sentensi mbili zikampotea, akasita.

"Nna neno moja," akasema kwa Kiswahili, "na kwa Kiarabu litanitoka bovu."

"Sema tu, mama," mkuu wangu akamjibu kwa Kiswahili. "Nitawafasiria wengine."

"Mume wangu alipokufa n'likuwa nakaa ndani tu. Si kwamba sina watu. Mtoto wa kaka yangu yule pale, kakaa mbele kama bibi arusi." Watu wakacheka, nami nikainamisha kichwa. "Lakini yeye huja jioni akenda zake. Pale bustanini hakuna aliyenialika na hakuna aliyeniuliza n'mekuja kufanya nini. Mukiweka mtu wa tiketi mlangoni, uwezo wa kulipa n'nao, alhamdulillahi. Lakini siku ile ya mwanzo nisingeliingia. Ningeliuona ule mlango, nikarudi zangu nyumbani."

Akakaa. Mkuu wangu alifasiri taratibu, na alipofika kwenye yale maneno ya mlango sauti yake ikashuka. Yule mzee akageuka kwenye kiti chake.

"Mimi sikusema nataka mlango. Nataka choo kisafi."

"Basi na mimi nnakitaka hicho choo," akasema shangazi.

Tuliandika upya. Mwekezaji apewe pembe moja tu ya bustani, na kodi yake itunze bustani ileile na vyoo vyake. Lango liwe wazi kwa kila mtu bila malipo. Mtu aweze kutandika busati lake na kula alichokuja nacho. Rasimu ilipopanda juu, baadhi yake ilirudi imekatwa. Sehemu ya majani itolewe iwekwe kokoto, kwa ajili ya maji. Mkaa wa kuchomea nyama ukapigwa marufuku kabisa. Lango lilibaki wazi.

Nilidhani shangazi atafurahi.

"Mishkaki yetu imewakoseni nini?" aliniuliza, na Ijumaa nzima akawa ananijibu kwa mkato. Nilimwambia tulijitahidi. Akanitazama, akanipakulia wali, na hasira zikaishia kwenye sahani.

Mgahawa ulipofunguliwa, mkuu wangu alinisimamisha ofisini kwenye ujia, akaniuliza kwa aibu kidogo kama wale kina mama wanapokea wageni. Mama yake naye hakuwa akitoka. Alikuwa na watoto, wajukuu, nyumba kubwa, lakini hana mtu wa rika lake wa kuzungumza naye Kiswahili.

Alimleta mwenyewe, amemshika mkono, na kiti cha kukunja begani. Bibi alitazama busati, kahawa, watoto wanaobembea.

"Muko na mahali pazuri," akasema.

Wanawake wa Unguja wakaangua kicheko kwa lile "muko na" la Kiswahili cha Bujumbura. Mkuu wangu alinywea. Lakini shangazi alikwishasogea kumpisha.

"Hebu sema tena, mwenzangu. Tamu hiyo."

Bibi akasema tena, sasa na yeye anacheka, akaketi. Mkuu wangu na mimi tulibaki tumesimama juu ya kokoto, hatujui tukae au tuondoke. Shangazi akainua macho.

"Nyinyi nendeni zenu," akasema. "Mje muwachukue wazee wenu baada ya maghribi."