Sindano za Tseikuru

Nilitoka chuo cha unesi nikapelekwa dispensari ya Tseikuru. Maji yetu yaliletwa na punda kutoka mtoni, yalikochimbwa mchangani. Asubuhi moja ya kiangazi punda hakufika. Sufuria ya kuchemshia sindano ilikuwa kavu, na akina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto wa kuchanjwa.

Nesi mkuu akaniambia nipanguse sindano kwa spiriti, niendelee. Nilikataa. Akanipokonya sindano bila hasira.

“Hata mimi nilikataa nikiwa mgeni, sista. Utazoea.”

Akadunga mtoto baada ya mtoto kwa sindano ile ile, akiipangusa kwa spiriti na kumwita anayefuata.

Jioni nilifunga sanduku langu. Watu husema sisi manesi tulioondoka huko tulikimbia jua na mshahara mdogo. Mimi niliondoka kabla sijazoea.