Mchezaji wetu alikaa chini katikati ya uwanja, na mimi ndiye niliyeongoza kumzomea

Wakuu, amani kwenu, hata nyie mnaosoma kwa kujificha bosi asiwaone.

Sitaongeza chumvi. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona. Niliyoyafanya mwenyewe ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa hiyo siwezi kuyapamba. Majina nimebadilisha. Kiswahili changu ni cha Bujumbura, nikiteleza mnivumilie.

Kilichonileta hapa ni ule uzi wa mchezaji mweusi wa Ulaya aliyeitwa nyani na mashabiki, akavua jezi akatoka uwanjani. Kurasa na kurasa mnabishana kama mchezaji ana haki ya kuleta siasa kwenye mpira.

Halafu kuna mkuu mmoja kaandika, na watu kibao wamemgongea like: "Mchezaji kazi yake kucheza. Na tushukuru huku kwetu Waafrika hayo mambo hayapo."

Nilisoma hiyo comment nikiwa chini ya gari la mteja. Nilitoka pale chini mikono ina grisi na damu inachemka.

Hayapo?

Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule. Huu ni wa huku.

Mimi ni fundi magari. Nimezaliwa Buyenzi, sasa nina gereji ndogo Mutakura, naishi hapo hapo na mama yangu na mdogo wangu wa kike, Zuena. Zuena ni golikipa wa timu ya kina dada ya mtaa, na mimi nilikuwa kiongozi wa mashabiki. Nasema nilikuwa. Megafoni nilikuwa naishika mimi. Siku hizi petroli ya kubahatisha, magari mengi yamelala, kwa hiyo Jumapili muda wa kupiga kelele ninao.

Kwenye timu yetu kulikuwa na winga mmoja wa kushoto, nimwite Godelive. Sisi tulimwita Gode. Anakaa kule juu, mlimani, nyuma ya Gihosha. Mama yake anafinyanga vyungu na mbabura, yale majiko ya udongo ya makaa. Mbabura tunayopikia nyumbani kwetu ni ya mama yake.

Gode ni Mutwa.

Kwa wasiojua: Batwa ni watu wachache sana hapa Burundi. Ni wa nchi hii, lugha yao ni hii hii ya wote, ngozi yao ni kama yangu. Lakini kuna desturi ya zamani, ya kijinga, kwamba mtu hanywi kwenye chombo alichonywea Mutwa. Nilijua ipo. Nikadhani imebaki kwa vikongwe wa vijijini.

Sasa twende uwanjani.

Ilikuwa Jumapili, nusu fainali ya kombe la mitaa, jua la kupasua kichwa. Tunaongoza mbili kwa moja na bao la pili kafunga Gode, kwa kichwa, yeye ambaye ni mfupi kuliko wote pale. Nilipiga megafoni mpaka sauti ikakwaruza.

Zimebaki kama dakika kumi na tano, mchezaji wa wale wengine akaumia. Mpira ukasimama, wasichana wakaja mstarini kunywa maji.

Gode siku zote alikuwa na chupa yake. Siku hiyo mtu aliipiga teke kwa bahati mbaya, maji yote yakamwagika. Koo limemkauka, akaokota chupa iliyokuwa karibu, akanywa.

Ilikuwa ya kapteni wetu, Ines.

Ines aliichukua ile chupa. Akaitazama mdomoni. Akaigeuza juu chini, akamwaga maji yote kwenye vumbi, mbele yetu, taratibu kabisa. Halafu akaitupa nyuma ya goli.

"Mi sinywi nyuma ya Mutwa," akasema.

Hakupiga kelele. Angesema kwa hasira ningesema ni joto la mechi. Alisema kama mtu anayesema leo sivai soksi.

Upande wetu watu wakacheka. Wakuu, upande WETU. Na rafiki yangu Shabani, muuza vipuri tuliyekua naye Buyenzi, aliyekuwa amesimama hapa begani kwangu, akapaza sauti: "Gode, rudi mu vyungu!"

Kicheko kikaongezeka.

Mimi sikucheka. Nitajisifia hilo? Sikucheka, na sikugeuka kumwambia Shabani funga mdomo. Niliangalia saa.

Refa akapiga filimbi mpira uendelee. Gode akaingia uwanjani pamoja na wenzake, akatembea mpaka kwenye duara la katikati, akakaa chini. Akakunja miguu, akatupa mgongo.

Refa akamfuata, akainama, wakaongea. Akamwonyesha kadi ya njano. Hakuinuka.

Wakuu, hapa ndipo nilipoivua heshima yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilichokuwa nakiona mimi ni fainali inatuponyoka. Nikainua megafoni: "Gode, simama! Gode, simama!" Ngoma zikaipokea. Uwanja mzima upande wetu ukaimba jina la yule binti kama vile ni mwizi amekamatwa.

Wengine wakaongeza yao. "On joue! On joue!" yaani tucheze. "Politike aache kwao!" Shabani ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka hilo neno politike, siasa.

Halafu nikamwona mdogo wangu anatoka golini.

Zuena alivua glovu moja moja huku anatembea. Nikadhani anakwenda kumbembeleza Gode. Akafika, akakaa pembeni yake. Hakumgusa, hakumwambia kitu. Alikaa tu.

Nikaendelea na megafoni, niseme ukweli, ila sauti ilianza kunigeuka. Beki mmoja, binti wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja huku na wazazi wake vita ilipowakimbiza, naye akaenda akakaa. Akafuata mwingine. Wanne.

Refa akangoja. Akaangalia saa, akavunja mechi. Tukapoteza kwa kosa letu.

Nikiwa bado uwanjani nikafungua group letu la WhatsApp la mashabiki. Moto. Na hapa wakuu niliona kitu.

Shabani alikuwa ameandika: "Yule Mutwa ametuuza. Politike yake apeleke kwao mulimani. Mupira ni mupira."

Nikasogeza juu kidogo. Siku nne nyuma, Shabani huyo huyo, kwenye group hilo hilo, kuhusu yule mchezaji wa Ulaya: "Heshima kwake. Mupira bila haki si mupira. Sisi weusi tumechoka." Na picha yake ya profile ni ngumi nyeusi imeinuliwa juu!

Mtu mmoja. Simu moja. Siku nne.

Nilifika nyumbani nimefura, na hasira yangu, oneni ujinga, ilikuwa bado kwa Zuena. Nikamwambia umetuaibisha, ungengoja mechi iishe.

Zuena alikuwa anaosha miguu uani. Akanitazama tu. "Kaka, Gode amekuja hapa kwetu mara ngapi?"

Nikasema mara nyingi. Na ni kweli, walikuwa wanatoka mazoezini pamoja, anapumzika kwetu kabla ya kupanda mlima.

"Alikunywa na kikombe gani?"

Sikuelewa. Akainuka na maji miguuni, akaenda penye msumari karibu na bomba. Kulikuwa na kikombe cha plastiki cha bluu kinaning'inia pale, siku zote. Mimi nilidhani ni cha kumwagilia maua ya mama.

"Hiki ni ya nani, mama?" akauliza kwa nguvu.

Mama alikuwa mlangoni. "Ni ya wageni."

"Wageni gani? Shabani akija unamupa hiki?"

Mama akasema, "Mwanangu, mi sikumufukuza yule mutoto. Chai nilimupa, chapati nilimupa. Mi nilimupenda, Mungu anajua."

"Ulimupenda na kikombe yake pembeni."

Wakuu, sikupata pa kuangalia. Kwa sababu nilikumbuka. Kila Gode alipomaliza kunywa, alikiosha kile kikombe mwenyewe na kukirudisha msumarini mwenyewe. Na mimi, mimi hapa, niliwahi kumsifia mbele ya watu. Nilisema huyu binti amelelewa, ana adabu.

Alikuwa anajua. Mwaka mzima alikuwa anajua, akanywa, akasema asante mama, akashuka nasi uwanjani kutufungia mabao.

Jumatano ikaitwa kamati. Nilikuwa mjumbe upande wa mashabiki. Tukakaa kwenye kile chumba chetu, prezida wa klabu mbele, Ines kaitwa kama kapteni, Gode kaitwa kama mkosaji.

Prezida akafungua kwa hotuba. Kwamba hapa hatuongei kabila. Nchi ilishatoka huko. Aliyeleta kabila uwanjani ni yule aliyekaa chini.

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Yule aliyemwaga maji hajaleta kitu. Aliyekaa ndiye kaleta!

Akamwambia Gode aombe radhi, yaishe.

Gode alikuwa amesimama, kiti hakupewa. "Niombe radhi ya nini? Ya kunywa maji ama ya kukaa?"

"Ya kuleta politike mu mupira."

"Prezida, mi sikuleta kitu. Nilikikuta."

Nikanyanyua mkono, nikauliza Ines ataulizwa lini. Maana mpaka dakika hiyo hakuna aliyemuuliza Ines hata jina.

Prezida akanigeukia, tena kwa upole. "Idi, ile siku we ndiye ulikuwa na megafoni. Ulisema asimame. Leo umebadilika?"

Alinipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Gode hakunitazama.

Wakamfungia msimu mzima kwa "kuingiza siasa." Wale watatu wakapewa onyo. Ines akabaki kapteni. Nikaiweka megafoni mezani nikatoka. Msinipigie makofi, kutoka ni rahisi, ningesimama siku ya Jumapili ndiyo ningekuwa mtu.

Ijumaa baada ya sala nikapanda mlima kwenda kwao. Mama yake alikuwa anakanda udongo, akanisalimia vizuri kuliko nilivyostahili. Gode akatoka, akasimama kwenye kizingiti. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Watu walikuwa wengi, kaka. Wengine sikusikia walisema nini. Jina yangu nilisikia mu mudomo yako."

Nikasema najua.

"Hapa umekuja peke yako. Hakuna mutu anasikia. Ile siku walisikia wote." Akaingia ndani.

Nilishuka ule mlima nikiwa na hasira naye, kweli kabisa. Nilijiona nimefanya jambo kubwa na hajanipokea. Nimefika karibu na gereji ndiyo akili ikanirudi. Alichodai ni haki ya kawaida kabisa: ulipomvunjia mtu heshima, ukairudishe pale pale.

Nikaingia kwenye group, nikatuma sauti. Nikasema nilichofanya, nikasema alichofanya Ines, nikamtaja na Shabani na meseji zake mbili, ile ya Ulaya na ile ya kwetu. Nikasema na ya nyumbani kwangu, ya kile kikombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu, kumtaja mama.

Hata haijasikilizwa na nusu ya watu, nikatolewa. Admin ni Shabani.

Tangu hapo wateja watatu, wote mashabiki, wamehamisha magari. Kuna wanaopita gerejini wananiita Mutwa, wakidhani wananitukana. Shabani hanisalimii, na mimi simtafuti.

Mama alikichukua kile kikombe akakitia kwenye gunia la mchele, sasa ndicho cha kupimia. Hajasema neno. Kama ni toba au ni aibu, sijui, na sijathubutu kumuuliza.

Gode sasa anafanya mazoezi na timu nyingine upande wa pili wa mji, anangoja adhabu iishe. Zuena kamfuata, na yule beki wa Uvira pia. Juzi nilimpeleka Zuena mazoezini, nikamwona Gode. Aliniona. Hakunisalimia, akaendelea kupasha misuli. Ni haki yake, na mimi simdai salamu.

Nilichojifunza ni hiki. Tunampenda mchezaji anayepinga ubaguzi akiwa mbali, kwenye screen, anawaaibisha Wazungu. Akipinga hapa, akituaibisha sisi, ghafla anakuwa mwanasiasa. Na hakuna mchezaji anayekwenda uwanjani kutafuta siasa. Anakwenda kucheza. Mkimwona amekaa, jueni kuna mtu alimkalisha, na mara nyingi mtu huyo amevaa jezi yenu.

Uwanja ni wenu wakuu. Wenye matusi tukaneni, nimeshayazoea. Ila kabla hujaniandikia kwamba mchezaji acheze tu, jibu hili kwanza, na ulijibu kwa ukweli: dakika zimebaki kumi na tano, timu yako inaongoza, na mchezaji wenu amekaa chini katikati ya uwanja na mashabiki wenu wanamzomea. Wewe ungekwenda kukaa naye, au ungeangalia saa?