Kikombe cha Tata Wanja

Nilipokuwa mtoto huko Dundori, hakuna aliyekunywa chai iliyopikwa na Tata Wanja, dada mdogo wa baba. Alikuwa na kifafa, na kwetu iliaminika kwamba kifafa huambukiza kupitia chombo. Kikombe chake cha bati kilining'inia peke yake kwenye msumari.

Kisha mama akampeleka kliniki Nakuru, akapewa vidonge. Kuanguka kukakoma. Taratibu Tata akarudishiwa jiko, hata majirani wakawa wanakunywa chai yake. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kusugua sufuria namna ile. Ni Cucu tu, bibi yetu, aliyebaki na wasiwasi.

"Hiyo kitu haifi," alisema akimenya viazi. "Inahama tu. Ngojeni muone itaingia wapi."

Ikaingia. Kwanza mashavu ya Tata yaliwiva mekundu, vidole vikavimba hadi akashindwa kukamua ng'ombe. Kikafuata kikohozi kikavu. Ule mteremko wa mtoni aliozoea kuupanda akiimba, sasa aliupanda akipumzika kila mara.

"Si niliwaambia?" Cucu alisema, na machozi yakamtoka.

Basi kichwa kikawa cha daktari, kifua kikawa cha Cucu na mizizi yake ya kuchemsha. Siku za kliniki Tata alikohoa nje ya geti mpaka amalize, ndipo akaingia kusema yuko sawa. Mama alipomuuliza kwa nini anaficha, alijibu, "Wakininyang'anya dawa, nitarudi kwa kile kikombe."

Alipolazwa alikuwa hawezi hata kumaliza sentensi. Daktari wa wodi alitueleza kwamba kwa watu wachache dawa ile hufanya mwili ujishambulie wenyewe, hata mapafu. "Mngesema mapema tungembadilishia," alisema. "Dawa za kifafa si moja." Tulimzika shambani, msimu wa kuvuna viazi.

Kwa miaka mingi nilimchukia Cucu kwa sababu maneno yake yalitimia. Siku hizi namhurumia. Aliona kabla yetu sote kwamba kifua na vidonge vilikuwa na uhusiano, ila alikiita kifafa kilichohama, na ukishaita hivyo, utamwambia nini daktari?

Mwanangu wa pili naye huanguka. Humeza vidonge vyake kila asubuhi, na akikohoa, hata kama ni vumbi tu, namwambia daktari kabla hajauliza. Na kwangu hakuna kikombe chake. Hunywea chochote anachokuta mezani.