Jiwe la Nyangi na Mkate wa Wayahudi

Nyangi hakumpenda Bernado, wala hakujisumbua kuficha. Jumamosi ile zamu ya sala ya Jumuiya iliangukia nyumbani kwake, huku upande wa Nyegina, akamwekea kiti uani kwa sababu mgeni hafukuzwi. Kumtazama usoni, hapana.

Amtazame wa nini? Bernado ni mwenyekiti wa Jumuiya, na ndiye aliyewaongoza wazee wa kijiji kumnyang'anya shamba. Nyangi alisema pale ni mahame, mji wa zamani wa bibi yake, aliyehamishwa mwaka ule watu walipokusanywa vijijini. Wazee wakashika majembe, wakachimba siku mbili. Hawakuona kigae, hawakuona majivu, wala jiwe la kusagia. "Mama, masimulizi ya bibi yako si ushahidi," Bernado akamwambia mbele za watu. "Ardhi haisemi uongo." Shamba akapewa Ryoba, binamu yake Bernado. Hapo jijazie mwenyewe.

Na jiwe lenyewe lilikuwa uani kwa Nyangi siku zote! Kwao jiwe la kusagia haliachwi nyuma. Bibi alihama nalo kichwani, mama akalirithi, naye akalirithi. Aliwaeleza wazee, wakacheka.

Sasa Jumamosi hiyo somo lilikuwa la Waisraeli kutoka Misri. Alikuwapo Gody, mwalimu wa historia kutoka Mwisenge, amekuja kumsalimia shangazi yake. Kijana yule ana mdomo.

"Mzee, wataalamu wamechimba Sinai miaka mingi," alisema. "Kambi ya umati mkubwa namna ile hawajaiona. Hata vigae vyake."

Bernado akavimba. "Mwalimu, ya shuleni yaache shuleni. Watu wa safari wataacha nini? Wanabebaga vyombo vyao, wanaondoka navyo. Wayahudi mpaka leo kila Pasaka wanakulaga mkate usiotiwa chachu, baba anamsimulia mtoto, mtoto naye anamsimulia wake. Uongo gani unarithishwa hivyo, vizazi na vizazi? Huo ni ushahidi kupita vigae."

"Amina," watu wakaitikia.

Nyangi alikuwa anamimina uji. Akaliweka birika chini. Miaka mitatu alikuwa analala na kuamka na hasira ya mtu huyu, na leo mwenyewe kajifunga kwa mdomo wake.

"Mwenyekiti, rudia hapo pa kubeba vyombo."

Bernado akafunua Biblia yake, akajifanya anatafuta mstari.

"Bibi yangu naye alibeba. Hilo hapo, umelikanyaga tangu umekaa."

Bernado akatazama chini. Miguu yake ilikuwa juu ya jiwe la kusagia, limelika katikati kwa mikono ya wanawake watatu. Akaiondoa upesi.

"Lile ni neno la Mungu," akasema. "Hili ni shamba."

"Sawa. Jumatatu naenda Musoma, baraza la ardhi. Mmemsikia wote. Nataka mtu wa kwenda kuyasema hukohuko, kama alivyoyasema hapa."

Watu wakainamia vikombe vyao. Nani agombane na mwenyekiti? Nyangi akahisi shamba linamponyoka mara ya pili.

Ndipo Tabitha akainuka mkekani. Tabitha, mke wa Bernado.

"Mimi nimesikia," alisema, bila kumtazama mumewe. "Nitakuja."

Nyangi akachukua birika, akaendelea kumimina uji. Kikombe cha Bernado akakipita.