Uzi wa Kijani

Kila mwaka, kazi zikipungua, fundi pikipiki na marafiki zake watatu walipakia mahema wakaenda kutembea jangwani kwa pikipiki, siku nane. Mifuko ya turubai waliyoning'iniza pikipikini aliishona mkewe, kwa cherehani yake ya barazani. Yeye mwenyewe hakualikwa hata mara moja.

"Mke wangu, kule mchanga utakuingia mpaka kwenye meno ya dhahabu."

"Nitayapata wapi, kwa mume kama wewe?"

Wakacheka wote wawili.

Mwaka jana walikwenda wanne, wakarudi watatu bila fundi.

Hao watatu walisema mwenzao aliamka na hasira, hakutaka kusikia la mtu, akakoleza mwendo wa pikipiki akawaacha. Wakamkuta kesho yake mchana amelala kando ya pikipiki, ameshakata roho. Mfuko wa dumu lake la maji, walisema, ulidondoka njiani kwa mwendo ule.

Na kweli, asubuhi ya safari mke na mume walikuwa wamerushiana maneno juu ya bomba la jikoni lililovuja. Nyumba nzima ilisikia.

"Mwanangu alitoka humu na kinyongo," mama mkwe aliwaambia waliokuja kuhani. "Mwulizeni huyo alimfanya nini."

Hakuna aliyemwuliza, ila wote walimtazama. Mwaka mzima akishona, mguu ukikanyaga cherehani, alijihoji: ni ulimi wangu uliomuua?

Juzi akaja Kipara, muuza vipuri, mkubwa wa wale watatu, na mifuko minne begani.

"Shemeji, imechanika. Wiki ijayo tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kule kule. Kumkumbuka mwenzetu."

Akaipindua mifuko mmoja mmoja atazame mishono. Wa nne ulikuwa umemaliziwa kwa uzi wa kijani.

"Huu umeutoa wapi?"

"Stoo kwangu. Si yote yangu hiyo?"

"Yenu nilishona kwa uzi mweusi. Uzi ukaniishia, wa mume wangu nikamalizia kwa kijani. Huu ndio mfuko wake wa maji, shemeji. Ule uliodondoka."

Kipara akautazama ule mshono. Wanaume hawa walibeba mifuko yake miaka kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyewahi kuangalia uzi.

"Pikipiki yake ilikuwa inachemka," akasema hatimaye. "Kila kilima inazima. Nikasema tumpunguzie mzigo, nikabeba maji yake mimi."

"Halafu?"

"Halafu tukaanza kushindana."

"Mkashindana."

"Kila mmoja alidhani mwenzake yuko na mumeo nyuma. Tumefika kambini, giza limeingia, ndipo tunahesabiana."

"Na hasira je?"

"Hakuwa na hasira, shemeji. Siku ile alishinda akiimba."

Mjane akamshika shati, akamvuta mpaka chumbani, ambako mama mkwe alikuwa akikunja nguo kitandani. Akautupa mfuko juu ya nguo.

"Sema hapa. Mbele ya mama."

Kipara akainamisha kichwa. Kikongwe hakuacha kukunja.

"Asiseme. Alishaniambia, wiki ile ile tuliyozika."

"Ulijua, mama? Mwaka mzima?"

"Hawa nimewalea pamoja na mwanangu, wamekula sahani moja. Mmoja nimemzika. Ulitaka niwazike na hao watatu kwa aibu? Wana watoto." Akanyoosha kola ya shati. "Wewe una mabega mapana. Ulibeba."

Mjane akamgeukia Kipara.

"Aliimba nini?"

Kipara akafikiri, akakuna upara wake, akafikiri tena. "Sikumbuki, shemeji. Injini zilikuwa na kelele."

Akamtoa nje, akamrundikia mifuko mitatu mikononi, imechanika vile vile alivyokuja nayo. Kisha akaketi barazani, mikono mapajani, hana kazi anayoishika.

Kutoka ndani mama mkwe akaita. Shuka ni kubwa, akasema, aje washike pande mbili wakunje.

Akaita tena. Hakwenda.