Bi Vibanio na Umeme Usiozimika

Unaweza kunitazama usoni ukasema fundi asiye na cheti anabahatisha tu? Basi mjue mama yangu mdogo.

Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza vifaa vya hospitali yetu ndogo, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Wanamwita Bi Vibanio, maana kila waya anaouchomoa huubana kwa kibanio cha nguo chenye namba.

"Bi Vibanio, leo unaanika nini?" dobi humtania akipita.

"Uongo. Nasubiri ukauke."

Wiki iliyopita kitanda cha joto cha watoto njiti, kimoja tu tulicho nacho, kiligoma. Ukikizima, hakiwaki tena, kinaganda. Mtaalamu wa makao makuu akakibandika karatasi nyekundu: KITUPWE. Gari la vyuma chakavu lingekifuata kesho yake saa tatu asubuhi. Wodini kulikuwa na mtoto wa kilo moja na nusu, joto lake lote likitoka kifuani mwa mama yake, na mama huyo ameanza kuugua homa.

Mimi niliyesomea umeme chuoni nilishatoa hukumu: regulata imekufa. Kazi ya kidude hicho ni kushusha umeme ufike kiasi kinachotakiwa. Ukikiamuru kizime, mita ya kupimia umeme lazima isome sifuri upande unakotokea. Chetu kilisoma volti moja nukta tisa. Nikafunga kipya. Moja nukta tisa. Nikafunga kingine. Ileile!

"Umezika wawili na marehemu bado anapumua," mama mdogo akasema. "Mwanangu, huyu hahusiki."

"Mama mdogo, kitabu kinasema kikizimwa hakitoi umeme."

"Sawa. Kimesema hakuna mwingine anayetoa?"

Akaing'oa regulata kabisa, akapima pale pale. Moja nukta tisa, bila regulata! Akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja, kibanio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha tano mita ikaanguka hadi sifuri.

Ulikuwa waya wa kengele ya tahadhari. Kengele ina betri yake isiyozimwa kamwe, na umeme wake ulikuwa unarudi kinyumenyume kupitia waya wa ishara, ukiuacha ubongo wa mashine nusu macho, nusu usingizi. Asiyelala ataamkaje? Na kengele hiyo ilifungwa mwezi uliopita na yule yule mtaalamu.

Kutoka kwenye chaja mbovu ya simu, mama mdogo akatoa kidude kinachopitisha ishara kwa mwanga, umeme usivuke. Akakifunga kwenye waya wa tano, akairudisha regulata. Akazima na kuwasha mara thelathini, akichora mstari ukutani kila mara. Kitanda kikaamka mara thelathini.

Asubuhi yake gari lilifika, mtaalamu akiwa mbele kando ya dereva. Mama mdogo alimpa mita.

"Pima mwenyewe, baba."

Akazima, akapima: sifuri. Akawasha: joto likapanda, kengele ikajaribiwa, ikalia. Alikitazama kile kidude cha chaja, kisha akaibandua karatasi nyekundu kwa mkono wake, akaikunja, akaitia mfukoni. Dereva akageuza gari tupu. Muuguzi akamtoa mtoto kifuani mwa mama yake, akamlaza kitandani, na nikamwona akinyoosha vidole vya miguu, kimoja kimoja, kwenye joto.