Siku Tuliyomtafutia Mwanangu Rangi Yake

Tulikuwa wanne chumbani na mmoja nje ya pazia. Wanne ni mimi. Na mdogo wangu wa kike, tumbo moja, aliyekuja kutoka Kakuyuni kwa ajili hiyo tu. Na somo wa marehemu mwanangu, yaani yule aliyemfunda na kumpamba alipoolewa, ambaye nyumba yake na yangu zatenganishwa na ukuta mmoja. Na mjukuu wangu, binti wa huyo marehemu, ana miaka kumi na saba, nami ndiye niliyemlea tangu ana siku thalathini na tatu. Nje ya pazia alikuwa mkwe wangu, babake huyo binti. Majina yao yote ninayo. Ninayo hata ya wanawake waliokaa safu ya nyuma siku ya harusi, na ya mama zao, na nani alizaliwa mtaa upi. Shule nilikwenda miaka mitatu tu, lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Hapa siyaandiki, kwa sababu wengi wako hai na hawakuniomba niwatie kitabuni.

Kilichotukutanisha ni mkanda wa video wa siku ya kupamba. Ndiyo siku ile bibi harusi huwekwa kitini akatazamwa na wanawake, nao wanawake wako vichwa wazi, nywele zimetengenezwa, mashingo na mikono nje, kwa kuwa hapana mwanamume ndani. Mpigaji picha mwenyewe alikuwa mwanamke. Mkanda huo niliuweka chini ya nguo zangu miaka yote. Mashine ya kuuchezea ilikufa, naye mwanangu akafa, nikabaki na kisanduku cheusi kisichosema kitu. Mjukuu wangu ndiye aliyegundua duka hapa Malindi mjini wanakohamisha mikanda ya zamani. Nikamwambia, "Nenda, lakini uulize kwanza kama anayehamisha ni mwanamke." Akauliza, akaambiwa ndiye. Ukatoka mkanda, ikarudi flashi ndogo kama ukucha.

Akasema hataki kuutazama kwenye simu. "Nataka nimuone mkubwa, Nyanya. Kama mtu."

Nieleze jambo hapa, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Huyu mtoto tangu ana miaka minne mitano, nikimsuka nywele, nilikuwa nikimwambia, "Wewe umetoka kwa babako mtupu. Rangi yake, pua yake. Mamako alikuwa mweupe pe." Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama mtu anavyosema leo kuna joto. Akimaliza kusukwa, alikuwa akienda kwenye kioo akikaa huko. Mimi nikidhani atazama nywele. Alipokuwa mkubwa nikamsikia akimwambia mwenzake wa shule uani, "Mimi sikumshika mamangu hata ukucha, sikufanana naye popote." Akacheka, na mwenzake akacheka. Mimi nilikuwa nakuna nazi, nikaendelea kukuna.

Basi hilo ndilo alilolitaka kwenye huo mkanda. Hakutaka harusi. Alitaka kitu kimoja cha mamake ambacho na yeye anacho.

Mkwe wangu alikuja na projekta Alhamisi baada ya alasiri. Yeye sasa yuko Mnarani, ameoa mke mwingine, ana watoto wengine, na hiyo projekta hukodisha watu wakaonyeshea mipira. Simlaumu kwa kuoa. Lakini tangu tulipomzika mwanangu sikupata kumsikia akimtaja, si kwa jina si kwa "mke wangu", na mtoto alipomuuliza habari za mamake alikuwa akisema, "Muulize nyanyako, yeye ndiye akumbukaye kila kitu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Akatazama ukuta wangu, ukuta wenyewe umepakwa rangi ya kijani. Akasema, "Huu utawafanya watu wote wawe kama wana homa ya nyongo." Tukatoa shuka jeupe, akalifunga juu na chini likakaza. Madirisha tukayaziba na mablanketi, joto likawa la tanuri. Akaiweka mashine juu ya meza, akaizungusha pete iliyo mbele ya jicho lake mpaka ukungu ukatoka, akainyoosha picha iliyokuwa imelala upande. Haya yote aliyafanya na picha ya majaribio tu, miraba na maua yaliyomo ndani ya mashine. Kisha akamuonyesha binti yake rimoti. Ukibonya hapa, yaja orodha ya mistari: huu mwangaza, huu wa kutenganisha kiza na mwanga, huu ukolezi wa rangi, huu joto la rangi, ukiupeleka huku picha yawa ya manjano, huku yawa ya buluu.

Akampa rimoti mkononi, akatoka. Hakuna aliyemwambia atoke. Alijua humo mna wake za watu vichwa wazi. Akaketi kwenye kiti nje ya pazia, mgongo ameutupa kwetu, akasema, "Niko hapa. Mkikwama mniulize."

Picha ikaja. Yallah! Kila kitu kilikuwa chekundu chenye kiza, kama watu wamechovywa kwenye mchuzi wa pweza. Ngoma yasikika, vigelegele vyasikika, watu huwajui. Kisha kamera ikaenda kitini, na kitini palikuwa na mtu. Nikaiona leso, nikaiona misongo ya asumini kichwani, na mikono iliyochorwa piko mpaka kwenye viwiko. Uso ulikuwa kipande cha weusi tu, hauna macho.

Mjukuu wangu akaisimamisha picha papo hapo. "Ndiye?"

"Siye hivyo," nikamwambia. "Ongeza mwangaza."

Akaongeza. "Hapa?"

"Ongeza."

"Hapa?"

"Ongeza, mama, huyo bado. Mamako hakuwa hivyo."

Mdogo wangu akasema, "Dada, tukizidi kidogo tutampeleka Watamu akapange nyumba na Wataliano."

"Wewe nyamaza, macho yako yana ukungu."

"Yangu yana ukungu, yako yana nini?"

Nje sauti ikauliza, "Imekuwaje sasa?"

"Nyanya asema bado nyeusi, Baba."

"Mwangaza mmefika wapi?"

"Tisini."

"Tisini ni nyingi."

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kumuona. Uso umekuwa mweupe, laini, hauna hata kunyanzi, kama ile picha yake ya studio tuliyoitundika mkabala na dirisha, ambayo mimi huipa salamu kila asubuhi. Nikasema, "Hapo! Hapo hapo, usiguse." Na machozi yakanitoka, nikaanza kumuombea.

Somo ni mwanamke wa maneno machache na yote makali. Akainuka akalisogelea shuka, akaweka mikono kiunoni.

"Asumini yangu iko wapi?"

"Asumini gani?"

"Asumini yangu! Misongo mitatu, nimeamka alfajiri kuitunga, vidole vyaniuma. Hapo siioni hata moja. Mumeipausha pamoja na mwari wangu. Naona kichwa kama kimemwagiwa unga."

Tukatazama. Ni kweli. Maua na uso vilikuwa vimeingiana, hujui wapi pamekwisha ua na wapi paanza paji la uso.

Mkwe wangu akasikia. Akasema kutoka nje, polepole, kama mtu afundishaye kazi yake, "Msiweke kwa uso. Uso hamuwezi kuuamini, kila mtu ataka wake. Tafuteni kitu cheupe mnachokijua, na kitu cheusi mnachokijua. Wekeni kwa hivyo. Uso utakuja wenyewe. Mimi kwenye mipira huweka kwa mistari ya uwanja na viatu vya refa."

"Hapa hapana refa," akasema mdogo wangu.

"Pana asumini," akasema somo. "Na pana piko. Piko nimeipika mwenyewe, hakuna cheusi kupita ile."

Basi wakaanza upya, somo na mtoto, na mtu wa nje akiwaongoza bila kuona. Punguza mwangaza mpaka kila ua lijitenge na mwenziwe. Likajitenga. Sasa ule wa kiza na mwanga, upandishe, piko iwe nyeusi lakini michoro isizibane. "Nayaona majani ya mchoro," akasema mtoto, "nauona hata mkufu aliochorwa kwenye kiganja." Joto la rangi sasa, lishushe, ule wekundu utoke. Asumini isiwe ya manjano, isiwe ya buluu. Ikafika wakati somo akapiga kofi moja. "Hiyo! Hiyo ndiyo asumini. Naisikia na harufu."

Na uso ukaja wenyewe, kama alivyosema.

Alikuwa mweusi. Si wa giza la mkanda, la. Weusi wake mwenyewe, uliotakata, una mwanga kwenye shavu na kwenye kidevu. Macho yapo, pua ipo. Mjukuu wangu akainuka, akaenda kando ya shuka asikate mwanga, akaunyoosha mkono wake akauweka karibu na mkono wa mamake. Hapakuwa na tofauti. Mdogo wangu akasema, "Subhanallah," akajifunika mdomo na leso.

Mimi nikasema, "Hiyo mashine imekosea."

Nikamgeukia mjukuu wangu.

"Ongeza mwangaza, nimekwambia. Mwanangu alikuwa mweupe. Mimi ndiye niliyemzaa."

Rimoti alikuwa nayo mtoto, na hakubonya. Ndipo sauti ya nje ikasema, na haikuwa tena ile ya kufundisha:

"Alikuwa mweusi, mama. Mweusi wa kung'ara. Mimi nilimpendea hiyo."

Miaka kumi na saba hakumtaja, akaja kumtaja hivyo.

Somo akanigeukia. Hakuwa na hasira. "Wajua sana. Siku ile tuligombana mimi na wewe chumbani, kabla ya kumtoa. Wewe wataka nimpake ile poda nyeupe mpaka shingoni, wasije wakweze wakasema. Mimi nikakataa. Yeye akacheka, akasema, 'Mama, niacheni watu wanijue.' Wasahau?"

Sikuwa nimesahau. Hapo aliposema, nikaiona poda yenyewe, kopo la buluu, na mkono wangu umelishika. Nilichokuwa nimesahau ni sababu yake. Ile picha ya studio jua la dirishani limeila mwaka baada ya mwaka, ikipauka kidogo kidogo, nami nikipauka nayo. Sikuona ikibadilika kwa sababu niliitazama kila siku. Na labda, Mungu anisamehe, sikuona kwa sababu hivyo ndivyo nilivyotaka awe tangu yuko hai.

Mjukuu wangu akaniuliza, hakupandisha sauti, "Nyanya, mbona uliniambia sikumshika?"

Nikasema, "Nilikuwa nikikumbuka hivyo."

"Kila siku nilikuwa nikienda kwenye kioo kumtafuta."

Nilimlea kwa mikono hii, nimemkesha surua na malaria, na katika hayo yote nilimnyima mamake, ilhali alikuwa akitembea naye usoni.

Akaenda kwenye pazia, akasimama upande wa ndani, babake upande wa nje. Nikamsikia akimwambia, "Baba, piko yaonekana yote. Na ana kidoti hapa, chini ya jicho." Babake akasema, "La kushoto." Mtoto akasema, "La kushoto." Hapo nikajua kwamba yule pale nje angetoa chochote amtazame dakika moja, na hawezi, kwa kuwa nyuma ya kiti cha mkewe wamesimama wake za watu. Nilitaka kumwita. Somo akatikisa kichwa, na alikuwa na haki.

Mtoto akarudi, akaihifadhi ile picha ilivyowekwa, akauachia mkanda uendelee. Wanawake wakaanza kupita mbele ya kiti, mmoja mmoja, wakimtunza mwanangu pesa, wakicheza. Hapo ndipo nilipokuwa nikipangoja. Kila uso ule jina lake ninalo. Nilikuwa nimejitayarisha wiki nzima kumwambia: huyu fulani binti fulani, huyu alikuja kutoka Lamu na mashua ikawachelewesha, huyu ndiye aliyeimba mpaka sauti ikakatika.

Akatokea mwanamke wa gauni la zambarau. Mjukuu wangu akauliza, "Huyu nani?"

Nikafungua mdomo. Lakini alikuwa amemgeukia somo.

Somo alinitazama kwanza, kama aniombaye ruhusa, kisha akamjibu. Jina alilolitaja lilikuwa la dadake huyo mwanamke, silo lake. Nilijua. Nikanyamaza. Akauliza la pili kwa somo, na la tatu, na la nne, mpaka ngoma ikaisha na shuka likabaki jeupe.

Tangu siku hiyo ni mzuri kwangu kama alivyokuwa, hunipikia, hunisomea barua, lakini habari za mamake haniulizi. Na mimi siwezi kumlazimisha, kwa kuwa sijui tena lipi katika niliyo nayo ni la kweli na lipi nimelipausha. Nasema alikuwa na sauti nene, alikuwa nayo? Nasema alipenda viazi vya karai kuliko wali wa harusi. Ni yeye, au ni mimi?

Kwa hivyo nawaomba nyinyi mliokuwapo uani kwangu siku ile ya kupamba, na mliosoma naye, na mliochota maji naye kisimani: kama humu nimekosea, nisahihisheni, wala msinionee haya kwa uzee wangu. Msije kwangu. Mwambieni mtoto.